Marcel Proust: Mtu aliyeutafuta wakati ndani ya kikombe cha chai

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi juu ya bibi kizee wa Mji wa Kale, Mombasa. Nilimpa umri, nyumba, buibui na tasbihi, na maneno ya hekima nikampa tele. Kisha nikampelekea mzee mmoja mjuzi wa lugha anisomee. Aliisoma hadi mwisho, akanirudishia, akaniambia kuwa Kiswahili chake hakina kasoro ila yule bibi hana roho. Niliudhika sana, kwani bibi yule sikumtunga mimi. Alikuwa ni nyanya yangu aliyenilea, naye alikwisha kutangulia mbele ya haki.

Ilinibidi nipite njia ndefu ndipo nikafahamu alilolisema mzee yule, na njia hiyo ilinipitisha Ufaransa, kwa mwandishi aliyekufa zamani aitwaye Marcel Proust. Maisha yake ndiyo ninayotaka kumsimulia msomaji leo.

Proust alizaliwa tarehe 10 Julai, 1871, katika mtaa wa Auteuil, mjini Paris. Baba yake, Adrien Proust, alikuwa daktari mashuhuri aliyepigana na kipindupindu. Mwaka 1869 alisafiri hadi Uajemi kuifuata njia ya maradhi hayo, na baadaye akawa mjumbe katika mikutano ya mataifa iliyozungumzia, pamoja na mengine, afya ya mahujaji waendao Makka. Mama yake, Jeanne Weil, alitoka katika ukoo tajiri wa Kiyahudi, naye alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu. Marcel alimpenda mama huyu kupita kiasi.

Alipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi alishikwa na pumu, nayo pumu haikumwacha tena mpaka anaingia kaburini. Maua aliyoyapenda ndiyo yaliyomziba pumzi. Ukubwani, alipotaka kuitazama miti iliyochanua, alipelekwa garini madirisha yamefungwa, akaiangalia kwa nyuma ya kioo.

Likizo za utotoni zilikuwa za Illiers, mji mdogo karibu na Chartres, nyumbani kwa shangazi yake. Mji huo aliuingiza katika kitabu chake kwa jina la Combray, na mwaka 1971, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, wenyeji waliliongeza jina hilo kwenye jina la mji wao. Hadi leo waitwa Illiers-Combray.

Katika ujana wake watu walimwona kijana wa karamu tu, mvaa nguo nzuri, asiye na kazi. Mwaka 1896 alitoa kitabu cha visa vidogo vidogo, na watu hawakukijali sana. Akaanza hadithi ndefu, akaiacha. Baba yake akafa mwaka 1903, na mama yake akamfuata mwaka 1905. Msiba wa mama ulimvunja hata akalazwa hospitali kwa majuma kadhaa.

Baada ya hapo akahamia nyumba ya barabara ya Boulevard Haussmann. Mwaka 1910 alizifunika kuta za chumba chake kwa maganda ya ule mti utoao vizibo vya chupa, ili kelele na vumbi visimfikie. Akawa analala mchana na kuandika usiku kucha, kitandani.

Basi ni nini kilichomfungulia mlango? Ni chai. Katika kitabu chake, mtu anayesimulia amerudi nyumbani jioni ya baridi, mnyonge. Mama yake anampa chai na keki ndogo iitwayo madeleine, yenye umbo la kombe la pwani. Anaichovya, anaionja, na mara furaha asiyoijua asili yake inamjaa kifuani. Anajitahidi kuitafuta, inamkimbia. Halafu yaja yenyewe: ni ladha ya kipande cha keki alichokuwa akipewa na shangazi Jumapili asubuhi, kimechovywa katika chai. Nyuma ya ladha hiyo mji mzima unainuka, pamoja na kanisa lake, bustani zake na watu wake.

Wengi huishia kwenye keki, wakadhani ndiyo siri. Siyo. Alilotaka kutuonyesha Proust ni kwamba kumbukumbu ni za namna mbili. Kuna ile tunayoiita kwa akili, nayo hutuletea picha kavu, kama picha ya pasi. Na kuna ile inayokuja bila ya kuitwa, kwa ulimi, pua, sikio au ngozi. Hiyo ndiyo inayokuja na uhai wake. Tena tujue kwamba katika daftari zake za mwanzo hapakuwa na keki. Palikuwa na mkate wa kuchoma, kisha biskuti ngumu, na keki ikaja mwisho. Mwandishi alikuwa akipima, akichagua kitu kitakachomfaa mtu wake.

Kuna mahali pengine panaponichoma zaidi. Msimulizi amefiwa na nyanya yake, na mwaka mzima na zaidi umepita bila ya yeye kulia kilio cha haki. Usiku mmoja, hotelini, anainama kuvua viatu. Mkono unapokigusa kifungo cha kiatu, anamwona nyanya yake alivyoinama siku ile kumvua viatu katika hoteli hiyo hiyo. Ndipo anapojua kwamba amekufa kweli.

Kitabu hicho, ambacho jina lake maana yake ni kuutafuta wakati uliopotea, kilikataliwa na wachapishaji kadhaa. Sehemu ya kwanza ilitoka mwezi wa Novemba 1913 kwa gharama yake mwenyewe. André Gide, mmoja wa waliomkataa, alimwandikia baadaye kukiri kosa lake. Mwaka 1919 sehemu ya pili ikapata tuzo kubwa ya Goncourt. Proust alifariki tarehe 18 Novemba, 1922, umri wake miaka 51, akihudumiwa na mtumishi wake mwaminifu Céleste Albaret. Sehemu tatu za mwisho kati ya saba zilitoka baada ya kifo chake, ya mwisho mwaka 1927.

Sisi wa pwani si wageni sana humo. Sahani za yule shangazi wa Combray zimechorwa visa vya Alfu Lela Ulela, Ali Baba na Aladini, na karibu na mwisho wa kitabu msimulizi anajifananisha na yule msimuliaji wa usiku anayeogopa asubuhi isimkute hajamaliza.

Narudi kwa nyanya yangu. Alipofariki nilikuwa Nairobi kikazi. Nilifika siku ya tatu, hitima imekwisha kusomwa, na machozi hayakunitoka. Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira.

Ramadhani moja, alasiri, napita kichochoroni, nikasikia nyumba ya watu mbuzi inakuna nazi. Miguu ikanifa. Nikamwona amekaa juu ya mbuzi, mgongo umepinda, ananibakishia kifuu chenye nyama kidogo nigugunegugune, kisha ananishika mashavu kwa mikono yenye maji na harufu ya chicha. Nikaegemea ukuta nikalia mchana kweupe, na mimi nimefunga.

Usiku ule niliiandika hadithi upya. Tasbihi niliiacha, lakini maneno ya hekima niliyafuta yote. Nilianza na sauti ya mbuzi ndani ya nyumba yenye kiza, na kijana mlangoni aliyechelewa kufika.

Mzee yule aliisoma polepole. Safari hii hakuisema lugha yangu, nzuri wala mbaya. Aliniuliza tu nyanya yangu alikuwa akikaa mtaa gani, kwani alihisi kama aliyepata kumjua. Mola amrehemu.