John Aitken, mtu aliyehesabu mavumbi ya hewa

Mbele ya mwaka 1888, ilikuwa vigumu mtu aseme hewa ya mji inabeba punje ngapi za mavumbi. Watu waliona moshi, wakakohoa, ikaishia hapo. Aliyeleta hesabu ni John Aitken, Mskoti aliyefanyia kazi nyumbani kwake bila kuwa profesa.

Alizaliwa tarehe 18 septemba 1839 katika Falkirk, mji wa viwanda vya chuma kule Uskoti. Alisomea uinjenia Glasgow, akajifunza kazi kwa wajenzi wa meli. Lakini afya ikamwangusha, na kazi ile akaiacha. Hakukata tamaa. Alifungua atelie ndani ya nyumba, akaanza kutengeneza vyombo kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 1880 alionyesha wasomi jambo moja. Alichukua vyombo viwili vya kioo. Kimoja kilikuwa na hewa ya kawaida, kingine hewa iliyopitishwa kwanza katika pamba. Akaingiza mvuke. Cha kwanza kikajaa ukungu mara moja, cha pili kikabaki wazi. Maana yake ni hii: tone la ukungu linatafuta punje ya vumbi ya kushikamana nayo. Pasipo vumbi, ukungu haujengeki.

Hapo akaona njia. Kama kila punje inapata tone lake, basi kuhesabu matone ni kuhesabu mavumbi. Katika chombo chake hewa yenye unyevu inafungiwa, pompi inaipanua ghafla, inapoa, na kila punje inavaa maji. Matone yanaanguka juu ya kibao kidogo cha fedha chenye miraba ya milimita moja. Aitken anainama na lensi, anahesabu. Juu punje zilikuwa nyingi mno, alichanganya hewa kidogo ya kupimwa na hewa nyingi iliyochujwa, kisha akazidisha.

Hesabu zake zilishangaza. Katika sentimita moja ya ujazo, kadiri ya ncha ya kidole, hewa ya nje wakati wa mvua ilikuwa na punje 32,000. Siku bila mvua, 130,000. Ndani ya chumba chenye gazi inayowaka, 1,860,000. Karibu na dari ya chumba, 5,420,000. Kumbe hewa ya ndani inaweza kupita ile ya barabarani kwa uchafu, pale moto unawaka na hewa haina pa kutokea.

Hakubaki Falkirk tu. Alipima juu ya mlima Ben Nevis, juu ya mlima Rigi kule Uswisi, na mwaka 1889 juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris, wakati ule ungali mpya. Mwaka 1892 akatoa chombo kingine chepesi: unachungulia ndani ya bomba, na bluu ikikolea, mavumbi ni mengi.

Aitken alionya pia kwamba kuondoa moshi mweusi peke yake hakutamaliza ukungu wa miji. Moto unaoonekana safi, hata wa gazi, unatoa punje ambazo jicho halizioni. Jicho, basi, si kipimo.

Mwaka 1917 alipewa Medali ya Kifalme na Royal Society ya London. Alikufa mwezi wa novemba 1919, akiwa na miaka 80. Mpaka leo kuna mashini zinazohesabu punje ndogo za hewa kwa njia ileile, ya kuzivika tone kwanza, na kundi moja la punje hizo linaitwa kwa jina lake.

Kwa mama anayepikia makala ndani, mlango umefungwa na watoto wako pembeni, hesabu ya ile dari ya Falkirk ingali inamhusu. Moshi ukiwa haumwumizi tena macho, punje zinaweza kuwa zingalipo. Dirisha lifunguliwe, ao mbabula itoke nje.