Mary Kingsley: Aliyezunguka Gabon kwa mtaji wa ndoana na tumbaku

Agosti 1893, mwanamke wa miaka 30 alipanda meli ya mizigo bandarini Liverpool, Uingereza, kuelekea Afrika Magharibi. Alipokwenda kukata tiketi aliambiwa kwamba kampuni za meli haziuzi tiketi ya kwenda na kurudi kwa njia ile. Sababu ilikuwa wazi. Wazungu wengi walioshuka kwenye pwani hiyo waliuawa na malaria na homa nyingine kabla hawajaanza hata kufikiria kurudi. Mary Kingsley akalipa nauli ya kwenda tu.

Huku kwetu tumezoea habari za wasafiri wa aina nyingine. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874 alikuwa na mamia ya watu, bunduki, na mashua iliyokatwa vipande ili ibebwe mabegani. Safari ile iligharamiwa na magazeti mawili makubwa, moja la London na jingine la New York. Mary hakuwa na gazeti, serikali wala mfadhili. Alikuwa na urithi mdogo, begi jeusi lisilopitisha maji, mwavuli, sketi ndefu nyeusi, na chupa za kuhifadhia samaki.

Alizaliwa London Oktoba 13, 1862. Baba yake, George Kingsley, alikuwa daktari aliyezunguka dunia akiwatibu matajiri waliokuwa wakitalii, na mara nyingi hakuwepo nyumbani. Mama yake, ambaye kabla ya ndoa alikuwa mtumishi wa ndani, aliugua miaka mingi, na mtu wa kumuuguza alikuwa Mary. Binti huyu hakupelekwa shule. Elimu pekee aliyolipiwa ni masomo ya Kijerumani, tena kwa sababu baba alihitaji mtu wa kumsaidia kusoma vitabu vya lugha hiyo. Mengine aliyapata kwenye maktaba ya nyumbani, humohumo ndani.

Mwaka 1892 baba alifariki, na wiki chache baadaye mama akafuata. Kwa mara ya kwanza maishani, Mary hakuwa na mtu wa kumhudumia isipokuwa kaka mdogo, naye alikuwa na safari zake. Kijana huyo akiondoka, dada naye anaondoka.

Swali likawa lile analojiuliza kila mwenye hamu kubwa na mfuko mdogo: atafikaje mbali bila fedha za kuajiri msafara? Jibu alilipata melini, kwa nahodha na kwa mawakala wa kampuni za biashara waliokuwa abiria wenzake. Walimfundisha ni bidhaa gani zinatoka, wapi, na kwa bei gani. Alipofika bara alikuwa na vitambaa, ndoana za kuvulia samaki na tumbaku, na kazi aliyojitambulisha nayo ilikuwa uchuuzi.

Hapa ndipo maisha yake yanapomgusa mtu anayeamka alfajiri kuwahi foleni ya Busia au Tunduma. Mary aligundua kwamba mgeni anayeingia kijijini mikono mitupu huzua maswali. Je, ni jasusi? Mtoza kodi? Kichaa? Mgeni mwenye mzigo wa kuuza hana haja ya kujieleza. Kila mtu anajua amefuata nini, anajua ataondoka lini, na anajua kwamba kumdhuru ni kufunga njia ya bidhaa. Akauza, akanunua mpira wa porini na pembe kidogo, akapata chakula na mahali pa kulala. Faida haikuwa kubwa, lakini ilimpeleka mbele siku hadi siku.

Safari ya pili ndiyo iliyomjenga jina. Aliondoka Liverpool Desemba 1894, akapitia Calabar, kisha akashuka Gabon, iliyokuwa chini ya Wafaransa, na kupanda Mto Ogowe kwa boti ya mvuke hadi Lambaréné na kwingineko. Huko alijifundisha peke yake kuendesha mtumbwi wa wenyeji. Mtumbwi wa Ogowe ni mwembamba na mkondo ni mkali, kwa hiyo mwanzoni alizunguka kama pia huku watu wakicheka ukingoni. Alipouweza alifurahi kuliko mtu aliyepewa nishani. Miaka baadaye alihesabu mambo mawili tu ya kujivunia: kusifiwa kwa samaki aliowakusanya, na kuimudu mitumbwi hiyo. Siku moja mamba alipandisha miguu ya mbele kwenye mtumbwi wake, naye akamtandika kafi puani. Mamba akashuka.

Kutoka Ogowe aliamua kukatisha msitu kwa miguu hadi Mto Rembwé, kupitia nchi ya Wafang. Watu hao walisifika kwa ukali, na uvumi wa pwani uliwaita wala watu. Mary hakubeba fedha za kuwalipa wapagazi. Walipatana kwamba malipo yatatolewa kwa bidhaa safari itakapoisha, kwenye duka la kampuni ya Hatton & Cookson huko Rembwé, ambako wakala angeheshimu ahadi yake. Kwa lugha ya sokoni kwetu, hiyo ni mali kauli. Mpango huo ulimlinda kuliko bunduki, kwa kuwa mpagazi anayekudai hawezi kukubali ufe njiani.

Njia ilikuwa ngumu. Alitumbukia kwenye shimo la mtego wa wanyama lililosimikwa miti iliyochongwa, na unene wa sketi yake ndio uliomwokoa na ncha zile. Walivuka vinamasi maji yakiwafika kidevuni, wakatoka na ruba wamewazunguka shingo. Katika kijiji kimoja mmoja wa wapagazi wake wa Kifang alikamatwa na kufungwa kamba na mtu aliyemdai deni la zamani, ikabidi Mary akae kwenye baraza kujadiliana hadi mwenzake akafunguliwa. Nani kati ya wasomaji wa ukurasa huu hajawahi kukwama safarini kwa sababu ya deni la mwenzake?

Bidhaa zilipoanza kumwishia aligeukia begi lake. Blauzi zake nyeupe zilikwenda, moja baada ya nyingine, na Wafang wakazipenda. Mmoja alitembea na blauzi hiyo kwa fahari, bila kujali kwamba ilishonwa kwa ajili ya mwanamke wa London. Kwa lugha ya leo, hiyo ilikuwa mitumba.

Waliposhuka Rembwé wapagazi wakalipwa kila mmoja haki yake. Kwa kuwa hakukuwa na boti ya kampuni, Mary aliomba nafasi kwenye chombo cha mfanyabiashara Mwafrika aliyeitwa Obanjo, aliyependa pia kuitwa Kapteni Johnson, kilichokuwa kinateremka pwani na mzigo wake. Usiku, wenye chombo walipochoka, Mary alikabidhiwa usukani. Wengine walilala juu ya mizigo, yeye akabaki macho na mto mweusi, mwezi na kelele za msitu kingo zote mbili. Mwanamke aliyetumia ujana wake kuhesabu vijiko vya dawa ya mama alikuwa anaongoza chombo ndani ya Afrika ya Kati, na hakukuwa na mtu wa kumwambia arudi ndani. Usiku ule, ambao haukumgharimu chochote, aliuweka miongoni mwa nyakati za furaha kubwa maishani mwake.

Kabla ya kurudi kwao alipanda Mlima Kamerun, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,000, na kufika kileleni Septemba 1895. Kulikuwa na ukungu, hakuona kitu. Akaacha kadi yenye jina lake, akateremka.

Samaki wake walipokelewa vizuri katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, na baadhi yao hadi leo wana jina lake la kisayansi. Kitabu chake cha safari kilitoka 1897 kikauzika sana. Umaarufu huo aliutumia kwa jambo ambalo wakubwa wa London hawakulipenda.

Mwaka 1898 serikali ya kikoloni ilianza kukusanya kodi ya nyumba katika bara la Sierra Leone, na watu wakaasi, baadhi yao chini ya Bai Bureh. Miaka hiyohiyo Wajerumani nao walikuwa wanaanza kodi kama hiyo Tanganyika, kwa hiyo wazee wetu waliujua uchungu wake. Mary alipinga hadharani. Hoja yake aliichota kwenye sheria za Waafrika wenyewe: kwao, mtu anayelipia kitu kila mwaka anakubali kwamba si chake. Kumtoza mtu kwa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ni kumwambia amepanga. Tume iliyotumwa kuchunguza ilishauri kodi ifutwe, serikali ikakataa.

Msimamo wake ulikuwa na pande mbili, na si haki kuuficha mmoja. Aliwatetea wachuuzi weusi waliotembea vijiji kwa vijiji kununua mpira huku wakihatarisha roho zao, na alieleza bila kejeli kwa nini wengi wao walioa mke katika kila kijiji cha njiani: ndugu wa mke ndio bima ya mzigo. Lakini pia alizitetea kampuni za Liverpool zilipouza pombe kali kwa mapipa. Hakupinga ukoloni wenyewe. Alitaka uendeshwe na wafanyabiashara badala ya maofisa. Aliamini pia kwamba Mwafrika na Mzungu wana akili za aina mbili tofauti, imani ambayo leo haina wa kuitetea. Na pamoja na kuishi kwa uhuru ambao wanaume wengi hawakuwa nao, alipinga wanawake wa kwao kupewa kura.

Mwaka 1900 alitaka kurudi Afrika Magharibi, lakini vita vya Waingereza na Makaburu vilikuwa vimeanza. Akajitolea kwenda Afrika Kusini, na huko Simon's Town akapewa kazi ya kuwauguza mateka wa Kikaburu waliokuwa wakifa kwa homa ya matumbo. Aliambukizwa, akafariki Juni 3, 1900, akiwa na miaka 37. Mwaka uliofuata marafiki zake waliunda chama cha kuijadili Afrika kwa kumbukumbu yake.

Alikuwa ameomba azikwe baharini, na jeshi la majini likamtimizia. Jeneza liliposhushwa halikuzama, likabaki linaelea juu ya mawimbi. Ikabidi mabaharia waliopoe, walifunge nanga, ndipo likaenda chini.