Abu Zayd al-Balkhi, Aliyeiandikia Hofu Dawa

Mitihani imekaribia na wengi hawalali, basi tumkumbuke mzee huyu.

Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi alizaliwa mwaka 850 kijijini Shamistiyan, karibu na Balkh, katika nchi inayoitwa leo Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto, naye akaanza kwa kazi hiyohiyo. Ujanani alifuatana kwa miguu na msafara wa mahujaji hadi Iraki, akakaa miaka minane akisoma, kisha akarudi kwao. Wanajiografia humjua kwa ramani zake. Sisi tunamtaka kwa kitabu chake cha Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi.

Humo alishikilia kwamba mwili na nafsi huambukizana maradhi: mwenye hofu hukosa usingizi na hamu ya kula, na mwenye maumivu hukosa utulivu wa akili. Ndiyo maana katika sehemu ya mwili, pamoja na chakula, usingizi na mazoezi, aliweka mlango mzima wa kusikiliza muziki. (Najua wapo waliokunja uso. Wanachuoni wametofautiana kuhusu ala tangu zamani, na ukurasa huu hautawapatanisha. Asiyetaka ala ana kisomo cha Qur'ani, ana kasida za sauti tupu.)

Sehemu ya nafsi inazungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Huzuni aliigawa mbili: yenye sababu inayojulikana, na isiyo na sababu inayoonekana, ambayo aliona chanzo chake kimo mwilini. Kuhusu hofu alitoa mfano wa mtu wa jangwani anayeona ukungu mara ya kwanza akadhani ni ukuta. Akiingia, anakuta hewa yenye unyevu tu. Anayeamka chini ya Rwenzori anauelewa mfano huu.

Lakini si kila hofu ni ukungu. Vijana wa Bwera wanalijua hilo, hasa tangu shambulio la shule ya Lhubiriha, Mpondwe, Juni 2023. Na Abu Zayd mwenyewe hakuwa jabari. Al-Muqaddasi anasimulia kwamba amiri alimwita Bukhara amshauri. Alipofika mto Jayhun, akaona upana wake na mawimbi, aliandika kuomba radhi: ikiwa anatakiwa kwa busara yake, busara hiyohiyo inamkataza kuvuka. Amiri alicheka, akamruhusu arudi. Sisi tunaovuka Mfereji wa Kazinga darajani pale Katunguru tusimcheke sana. Jayhun ulivukwa kwa mashua.

Alifariki mwaka 934, rahimahullah. Nakala ya kitabu ilihifadhiwa Istanbul, na sehemu ya nafsi ilifasiriwa kwa Kiingereza na Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan, mwaka 2013. Ushauri wake mmoja ni rahisi: ukiwa mtulivu, jiwekee akiba ya mawazo mema, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla hakujaugua mtu, ili hofu ikija usiku ujue pa kunyoosha mkono.