John Pym na Mfuko wa Mfalme

Historia ina tabia ya kuwaenzi walioshika upanga na kuwasahau walioshika kalamu. Vinapotajwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoitikisa Uingereza kuanzia mwaka wa 1642, jina linalotangulia mdomoni ni la Oliver Cromwell. Lakini wakati Cromwell alipokuwa bado mbunge asiyevuma, kiongozi wa Bunge alikuwa John Pym, mtu ambaye hakuongoza jeshi lolote na ambaye alifariki kabla hajajua vita vitaishaje. Maisha yake yanastahili kufikiriwa upya, kwa mema yake na kwa doa lake.

Pym alizaliwa mwaka wa 1584 katika jimbo la Somerset, katika ukoo wa wenye mashamba. Baba yake alifariki angali mtoto mchanga, na mama yake akaolewa na Anthony Rous wa Cornwall, mtu mshika dini aliyemlea katika imani ya Wapuritani. Alisoma Oxford, kisha akajifunza sheria London, ingawa hakupata kuwa wakili. Kazi iliyomfinyanga ilikuwa ya kukusanya mapato ya ardhi za mfalme katika majimbo kadhaa. Hapo ndipo alipofahamu kwamba ufalme, pamoja na fahari yake yote, huendeshwa kwa fedha, na kwamba mkono mtupu haulambwi.

Aliingia Bungeni katika miaka ya 1620. Mwaka wa 1629 Mfalme Charles wa Kwanza alilivunja Bunge, akatawala bila ya kuliita kwa miaka 11. Ili apate fedha, alifufua tozo za zamani. Iliyochukiza zaidi ni kodi ya merikebu, ambayo kwa desturi ilitozwa miji ya pwani wakati wa hatari, lakini kuanzia mwaka wa 1635 ikatozwa nchi nzima. John Hampden, rafiki yake Pym, alikataa kuilipa. Mwaka wa 1638 mahakimu 7 kati ya 12 waliamua kwamba mfalme alikuwa na haki.

Ushindi huo haukumfaa mfalme kwa muda mrefu. Alipojaribu kuwalazimisha Waskoti wafuate kitabu kipya cha sala, waliasi, naye akahitaji fedha za vita. Bunge likaitwa Aprili 1640. Pym alisimama akahutubu kwa muda wa saa mbili hivi, akiorodhesha kwa utulivu malalamiko ya taifa, moja baada ya jingine. Mfalme alilivunja Bunge hilo baada ya wiki tatu, lakini Novemba mwaka huo huo alilazimika kuita jingine.

Safari hii Pym hakuiachia nafasi hiyo impite. Katika mwaka wa 1641 zilipitishwa sheria za kulitaka Bunge likutane angalau kila miaka mitatu, kuzuia Bunge hilo lisivunjwe bila ya ridhaa yake lenyewe, na kuifuta kodi ya merikebu. Hayo hayakupatikana kwa kelele. Yalipatikana katika kamati, kwa subira ya mtu aliyejua kuhesabu kura.

Hata hivyo, mwaka huo huo ndio wenye doa lake. Thomas Wentworth, Lodi wa Strafford, mshauri mkuu wa mfalme, alishtakiwa kwa uhaini mbele ya malodi. Ushahidi haukutosha. Basi baraza la chini likatunga mswada uliotangaza tu kwamba mtu huyo ana hatia na anastahili kufa. Yasemekana Pym alisita mwanzoni, akipendelea kesi iendelee hadi mwisho. Lakini aliukubali mswada huo, na umati uliojaa barabarani ukawatia hofu waliotaka kuupinga. Strafford alikatwa kichwa tarehe 12 Mei 1641. Mtetezi wa sheria alikubali sheria itungwe kwa ajili ya shingo ya mtu mmoja.

Baada ya miezi michache kibao kiligeuka. Tarehe 4 Januari 1642 Charles aliingia Bungeni akiwa amefuatana na askari, ili awakamate Pym, Hampden na wenzao watatu kwa uhaini. Hao walikuwa wamekwisha kupashwa habari, wakaondoka kwa mashua katika mto Thames. Mfalme aliihama London siku chache baadaye, wala hakurudi ila akiwa mfungwa.

Vita vilipoanza, Pym alirejea kazi aliyoijua. Mwaka wa 1643 Bunge lilianzisha kodi za kila wiki na ushuru wa bidhaa uliogusa hata bia ya mnyonge. Adui wa kodi ya merikebu akawa baba wa kodi nzito kuliko hiyo. Tofauti yake ni kwamba kodi hizi zilipigiwa kura Bungeni, ingawa mlipaji hakuuona uzito wake kuwa umepungua kwa sababu hiyo. Septemba mwaka huo alifanikisha mapatano na Waskoti, ambao jeshi lao lilisaidia kushinda pale Marston Moor Julai 1644. Yeye hakuyaona hayo, maana maradhi yalimwua tarehe 8 Desemba 1643. Alizikwa kwa heshima katika Westminster Abbey. Ufalme uliporudishwa, mwaka wa 1661 mifupa yake ilifukuliwa na kutupwa shimoni.

Mwanafunzi anayesoma leo kwamba serikali haipaswi kutumia shilingi bila ya idhini ya Bunge anasoma kanuni ambayo watu kama Pym waliipigania. Mwalimu na amfunze hivyo. Lakini asiifiche habari ya Strafford. Aliyezoea kuipinda sheria ili amwangushe adui hana budi kukumbuka kwamba adui naye ana mikono. Mfalme alipokuja na askari wake Januari ile, alikuwa akitafuta kwa nguvu kile ambacho Bunge lilikipata kwa kura: hukumu iliyotangulia ushahidi. Uhuru wa Bunge ulijengwa na watu wa namna hii, wenye subira na wenye makosa, na tukiwasoma nusu nusu tutarithi makosa yao pamoja na mema yao.