Benjamin Franklin, Mpiga Chapa Aliyejenga Taifa

Benjamin Franklin alizaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706, mtoto wa 15 kati ya watoto 17 wa mtengeneza mishumaa na sabuni. Shule aliiacha akiwa na miaka 10, akatiwa kazi ya kupiga chapa chini ya kaka yake. Alipofika miaka 17 akatoroka, akaingia Philadelphia karibu mikono mitupu.

Sisi wanaushirika tuna sababu ya kumwangalia mtu huyu kwa makini. Mwaka 1731 yeye na wenzake, ambao hawakuweza kununua vitabu vingi kila mtu peke yake, walianzisha maktaba yao: wanachama 50, kiingilio shilingi 40, kisha shilingi 10 kila mwaka. Mwaka 1736 wakaunda kikosi cha kuzima moto, na mwaka 1752 chama cha bima ya nyumba, ambacho wenye nyumba wenyewe ndio waliokuwa wenye chama. Hawakungoja tajiri wala serikali.

Alikuwa mmoja wa waliotayarisha Tangazo la Uhuru la Marekani mwaka 1776. Lakini tangazo halinunui baruti. Basi mwaka huo huo, mzee wa miaka 70, akavuka bahari kwenda Ufaransa, na mwaka 1778 akapata mapatano ya kusaidiana vitani.

Mtihani mkubwa ulikuwa mkutano wa katiba wa mwaka 1787. Majimbo makubwa yalitaka kura kwa hesabu ya watu; madogo yalitaka usawa. (Aliyeketi katika mkutano wetu mkuu, chama cha msingi chenye magunia mengi kikibishana na chenye machache, hana haja ya kuelezwa ukali wa mashauri hayo.) Franklin mwenyewe alipendelea baraza moja tu. Hata hivyo aliingia katika kamati ya suluhu, akakubali mabaraza mawili: moja kwa hesabu ya watu, la pili kwa usawa wa majimbo. Siku ya mwisho aliwasihi wote watie sahihi, ingawa si kila kifungu kilimpendeza. Wakatia 39.

Walakini katiba hiyo iliwaacha watumwa utumwani, naye Franklin aliwahi kumiliki watumwa. Hapo mimi simtetei. Nasema tu kwamba uzeeni aliongoza chama cha kupinga utumwa, na Februari 1790 alitia sahihi ombi la kuukomesha. Bunge halikulitimiza. Akafariki tarehe 17 Aprili mwaka huo.

Katika wasia wake aliiachia Boston pauni 1,000 na Philadelphia pauni 1,000, zikopeshwe kwa riba ya asilimia 5 kwa mafundi vijana waliooa, kwa muda wa miaka 200. Muda ulipokwisha, mwaka 1990, fedha hizo zilikuwa zimefika mamilioni ya dola. Kila mkopaji alitakiwa kuleta wadhamini wawili.