Miles Lynk, daktari mweusi aliyewaita wenzake wawe chama kimoja

Mwezi wa Novemba 1895, madaktari weusi wachache walikutana ndani ya kanisa moja mjini Atlanta, kusini mwa Marekani. Mji ulikuwa umejaa wageni waliokuja kuona maonyesho makubwa ya biashara na viwanda. Madaktari hao walikuwa na shughuli nyingine: kuunda chama chao cha taifa. Kati ya waliosukuma wazo hilo alikuwa kijana wa miaka 24, Miles Vandahurst Lynk.

Lynk alizaliwa tarehe 3 Juni 1871 karibu na Brownsville, katika jimbo la Tennessee, miaka 6 tu baada ya utumwa kukomeshwa. Wazazi wake, waliokuwa wamepitia utumwa, walikuwa wakulima. Mwaka 1891 alimaliza masomo ya udaktari Meharry, mjini Nashville, moja ya shule chache zilizopokea weusi. Akaanza kutibu wagonjwa katika mji wa Jackson.

Huko alionja upweke wa daktari mweusi. Chama kikubwa cha madaktari wa Marekani kilikuwa kimekataa wajumbe weusi tangu 1870, na kusini vyama vya mahali viliwafungia mlango. Hospitali nyingi nazo hazikuwapokea. Mgonjwa akihitaji upasuaji, daktari mweusi alilazimika kumwacha mikononi mwa daktari mzungu. Alipoteza mgonjwa, alipoteza pesa, tena hakupata nafasi ya kujifunza matibabu mapya.

Lynk aliona kwamba kulalamika peke yake hakutoshi. Desemba 1892 alianzisha gazeti la udaktari, la kwanza nchini kutolewa na mtu mweusi. Lilidumu zaidi kidogo ya mwaka mmoja, lakini liliwafikia madaktari waliotawanyika mijini na vijijini. Kwa njia hiyo aliwahimiza wafahamiane, waandikiane juu ya kazi yao na waungane.

Mkutano wa Atlanta ulikuwa matunda ya kazi hiyo. Robert Boyd wa Nashville alichaguliwa rais. Daniel Hale Williams wa Chicago, aliyejulikana kwa upasuaji wa moyo wa mwaka 1893, akawa makamu wake. Madaktari wa meno na wauza dawa walikaribishwa pia.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wanamemba walikuwa wachache, wengi walikuwa na kipato kidogo, na safari za treni zilikuwa za ubaguzi. Ilibidi kila aliyeingia amvute mwenzake. Mwaka 1903 chama kilichukua jina la National Medical Association, na mwaka 1909 kikaanza kutoa gazeti lake.

Lynk alijua pia kwamba chama bila madaktari wapya kingekufa. Mwaka 1900 alifungua chuo kikuu Jackson, ambako mke wake, Beebe Steven Lynk, alifundisha pia. Kilihamia Memphis, kisha kikafungwa mwaka 1923 kwa kukosa pesa.

Lynk alifariki ubaguzi ukiwa bado unaendelea. Ni mwaka 2008 tu ambapo chama kile kikubwa kiliomba msamaha kwa madaktari weusi. Chama kilichozaliwa kanisani Atlanta kingali hai mpaka leo.