Michael Owens, mtoto wa kiwanda aliyefanya chupa itoke katika mashini

Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, chupa haitupwi ovyo. Bia na limonade zinafika kutoka Lubumbashi, watu wanakunywa, na vidange zinarudi katika kreti. Zingine zinabaki nyumbani kwa kuwekwa mafuta ya ngazi, asali ao mafuta ya kalanga. Chupa za aina moja zinalingana: mdomo mmoja, kimo kimoja, kipimo kimoja. Mtu aliyefanya jambo hilo liwezekane kwa wingi ni Mmarekani Michael Owens, aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Owens alizaliwa tarehe 1 Januari 1859 huko West Virginia, katika jamaa maskini ya wahamiaji kutoka Ireland. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka 10 tu, Michael aliingia kazini katika kiwanda cha kioo mjini Wheeling. Alipofikia miaka 15, alikuwa tayari mpulizaji wa kioo.

Wakati huo chupa ilitengenezwa kwa pumzi ya binadamu. Mpulizaji alichota kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, akakiingiza katika kalibu, yaani chuma kilichochongwa ndani kwa umbo la chupa, kisha akapuliza. Watoto walichuchumaa kando ya moto kwa kufungua na kufunga kalibu hizo. Wengine walikimbia na chupa za moto kuzipeleka mahali pa kupoa. Walifanya kazi mchana na usiku, na wengi hawakuona masomo.

Mwaka 1888, Owens alienda Toledo, katika jimbo la Ohio, kufanya kazi kwa tajiri Edward Libbey. Huko akaanza kuwaza namna ya kuondoa pumzi na mikono. Kwanza alitengeneza chombo kilichofungua kalibu bila mtoto. Kisha, kwa pesa za Libbey, akajaribu pampu iliyovuta kioo kutoka tanuru. Majaribio yalichukua miaka. Mwaka 1903 mashini kamili ilikuwa tayari, na kampuni ikaundwa kwa ajili yake.

Mashini hiyo ilitumia kalibu mbili. Ya kwanza ilivuta kioo na kutengeneza mdomo pamoja na umbo la mwanzo. Ya pili ilipokea umbo hilo, na hewa ikalisukuma mpaka likawa chupa. Mashini moja iliweza kutoa chupa zaidi ya 10,000 kwa siku, zote za kipimo kimoja. Bei ikashuka sana.

Lakini kila jambo lina pande mbili. Wapulizaji, waliokuwa mafundi wa kulipwa vizuri, waliona mishahara yao ikipungua na kazi ikipotea. Kwa upande mwingine, mwaka 1913 kamati ya Marekani iliyopigania watoto ilikiri kwamba mashini ya Owens ilikuwa imeondoa watoto wengi viwandani kuliko juhudi zake yenyewe za kudai sheria. Owens hakuwa mwanaharakati. Alitafuta faida na kazi ya haraka. Hata hivyo, yeye aliyeanza kazi akiwa mtoto ndiye aliyeondoa sababu ya kuajiri watoto mbele ya tanuru.

Baadaye aligeukia vioo vya madirisha. Alikufa tarehe 27 Desemba 1923, akiwa katika mkutano wa wakubwa wa kampuni mjini Toledo. Aliacha hati 45 za uvumbuzi.

Leo kazi ya kalibu inaanza kwenye kompyuta. Mzalishaji wa juisi ao asali anayetaka chupa yake mwenyewe anaagiza kwanza mchoro wa pande zote kwa fundi wa michoro. Anapaswa kusema wazi: chupa itabeba kiasi gani, kinywaji kitafikia wapi chini ya mdomo, itafungwa na kifuniko gani, ni ya kioo ao plastiki, na uzito wake. Tena wapatane mapema faili ya mchoro itakuwa mali ya nani, ili kesho aweze kuipeleka kwa mchongaji mwingine.

Hapo haraka haina baraka. Kwa chupa ya sentilita 33 yenye upana wa milimita 60 ndani, kosa la milimita 1 tu katika upana linabadilisha kipimo kwa sentilita 1 hivi. Kwenye kompyuta kosa hilo linafutwa kwa dakika chache. Kalibu ikisha kuchongwa katika chuma, linarudiwa katika kila chupa, na mwenye kulipa ni aliyeagiza.